Harrier ya Staa Imeunguzwa na Ubahili, Siyo na Fundi

Wiki nzima mjini hakuna ubuyu mwingine. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaingia laivu Instagram usiku wa manane, macho mekundu, kamporomoshea matusi fundi wake wa umeme wa magari mbele ya maelfu ya mashabiki. Kamwita kanjanja. Kamwita mwizi. Mwishoni kamwita mchawi kabisa. Kisa? Harrier yake, ile ambayo Wabongo wanaiita tako la nyani, imeshika moto pande za Mwenge ikirudi kutoka kwenye shoo, na muziki wa mamilioni uliojaa buti zima umebaki masizi.

Mashabiki nao, kama kawaida yao, povu likawatoka. "Pole bro, mafundi wa Bongo bana." "Mtaje jina tumfuate." Na fundi mwenyewe, mzee wa watu mwenye gereji ndogo Kinondoni, hana hata akaunti ya kujitetea. Kakaa kimya na spana zake.

Sasa ngoja upande wa pili nao usikike, maana hadithi ya moto huo haikuanzia Mwenge. Ilianzia siku staa alipoingia gereji na sabufa mbili za inchi 15, amplifaya kubwa yenye stika ya wati 5000, na waya mwembamba wa bei poa aliounuliwa na mshkaji wake Kariakoo.

Waliokuwepo gereji siku hiyo wanasimulia kitu kimoja. Mzee aliushika ule waya, akaukwangua kwa kisu, akatikisa kichwa. "Bosi, huu siyo shaba. Ndani mweupe, ni alumini imepakwa rangi ya shaba. Halafu ni mwembamba. Na hii alterneta yako haiwezi kulisha mzigo huu." Akamtajia vitu vinavyotakiwa: waya mnene wa shaba tupu, fyuzi karibu na betri, waya za ethi zibadilishwe, na ikiwezekana alterneta kubwa zaidi.

Staa akacheka. "Mzee wangu, wewe funga tu, mimi nataka mtaa usikie. Halafu hela ya ufundi tutaongea, nitakuposti." Ndiyo, jamani. Mtu kanunua sabufa kwa hela taslimu, ila fundi alipwe kwa kupostiwa.

Mzee akafunga kwa waya uleule, akaweka fyuzi ya ampea 60, akaonya: "Usifungulie sana, fyuzi itakata." Hapo mzee naye ana kosa lake, na litasemwa huko mbele. Fyuzi ikakata kweli. Ikabadilishwa, ikakata tena. Mara ya tatu staa kachoka, kapeleka gari kwa dogo mmoja anayefunga miziki kando ya barabara. Dogo wa barabarani hakuwa na maneno mengi: akatoa fyuzi, akaweka kipande cha bolti. Bolti! Ngoma zikalia wiki tatu mfululizo, video zikapostiwa, sifa zikamiminika. Wiki ya nne, moto.

Na bado mtu anauliza nani kaunguza gari?

HESABU YA DARASA LA SABA

Tatizo la mastaa wengi ni kuamini kwamba muziki wa gari ni suala la spika na amplifaya tu. Muziki wa gari ni suala la umeme. Spika haitengenezi nguvu, amplifaya nayo haitengenezi nguvu. Kila wati inayotikisa vioo vya jirani imetoka kwenye alterneta, ile mashine ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini. Betri ni akiba tu, kazi yake kubwa ni kuwasha gari.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Wati gawa kwa volti unapata ampea. Amplifaya inayotoa wati 1000 za kweli, hata ikiwa ya kisasa isiyopoteza umeme mwingi, inavuta kama wati 1250, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kwa joto. Gawa kwa volti 13.8 za gari linalochaji vizuri. Jibu ni kama ampea 90. Zile amplifaya za muundo wa zamani zinazochemka kama pasi zinavuta zaidi ya hapo.

Alterneta za magari mengi madogo ya Kijapani yanayotembea mjini hapa ziko kati ya ampea 70 na 130. Na kabla muziki haujapata hata ampea moja, gari lenyewe lina mahitaji yake: taa za mbele, feni ya kupozea injini, kiyoyozi, pampu ya mafuta, kompyuta ya gari. Ampea 30 hadi 50 zinaweza kwenda hapo. Mbaya zaidi, namba iliyoandikwa kwenye alterneta inapatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likiwa limenasa kwenye foleni ya Morogoro Road, injini inazunguka polepole na alterneta inatoa pungufu sana ya hapo. Na ni kwenye foleni hiyohiyo ndipo staa anashusha vioo na kufungulia mpaka mwisho ili watu wageuke.

Ni kweli, besi haivuti ampea 90 kila sekunde. Inapiga, inaachia. Lakini kila inapopiga, upungufu unachotwa kwenye betri, na betri isipopata nafasi ya kurudishiwa, deni linakua. Ndiyo maana taa zinapepesa kila ngoma ikidunda. Ndiyo maana vioo vinapanda kwa kujivuta. Ndiyo maana asubuhi gari inasema "tik tik" na kunyamaza. Na alterneta inayolazimishwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote mchana kutwa kwenye joto la Dar inakufa mapema. Hakuna mchawi hapo.

Na ile stika ya wati 5000? Kiki tupu. Anayetaka ukweli aangalie fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya yenyewe. Ikiwa na fyuzi mbili za ampea 30, maana yake inaruhusiwa kuvuta ampea 60. Mara 13.8, ni wati 828 zinazoingia. Haiwezi kuingiza 828 ikatoa 5000, hata ikipelekwa Bagamoyo ikafanyiwe dawa.

TIBA ZA UONGO ZINAZOTAMBA MJINI

Staa wa Harrier hayuko peke yake. Kuna mtangazaji mmoja wa redio, maarufu kwa mbwembwe za asubuhi, taa za gari yake zilikuwa zinafifia kila besi ikipiga. Akauziwa kapasita, ile chupa inayong'aa yenye namba za bluu za kuonyesha volti. Akaiposti kama kanunua kiwanja. Taa zikaendelea kufifia, akaanza kulalamika kauziwa feki.

Hakuuziwa feki. Kauziwa kitu kisichotibu ugonjwa wake. Kapasita ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inatoa nguvu ya jouli 26 tu. Amplifaya ya wati 1000 inazimaliza kwa takriban sehemu tatu za mia za sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu zaidi. Inasaidia kidogo sana kwenye mpigo mfupi, lakini haizalishi umeme. Inaujaza kutoka kwenye alterneta ileile iliyoelemewa.

Tiba ya pili ya uongo ni betri kubwa. Mtu anatoa betri ya kawaida anaweka ya lori, au anaongeza ya pili kwenye buti, basi anajiona kamaliza. Kama alterneta haitoshi, hiyo ni sawa na mtu ambaye bomba lake linatoa maji kidogo, badala ya kurekebisha bomba ananunua ndoo kubwa. Ndoo itachelewa kukauka, ndiyo, ila itakauka. Betri ya ziada ina maana kwa anayepiga muziki gari likiwa limezimwa, ufukweni kwa mfano, na hata hapo inahitaji muda na umeme wa kuijaza baadaye.

Tiba ya tatu ndiyo inayoua: kuongeza fyuzi. Hapa watu wanapaswa kuelewa kitu kimoja kabla hawajaungua. Fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda amplifaya tu. Fyuzi iliyo karibu na betri ipo kulinda waya. Ni mlinzi wa getini. Waya ukikwaruzika ukagusa bodi, fyuzi inakatika kabla waya haujawa mwekundu kama nondo ya mhunzi. Fyuzi inayokatika kila siku inapiga kelele kwamba mzigo ni mkubwa kuliko njia. Kuweka bolti ni kumfunga mlinzi mdomo kisha ukalala usingizi na mlango wazi.

Na Harrier ndivyo ilivyokuwa. Ule waya wa alumini ulipita kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani ya gari bila raba ya kuuzuia usikwaruzwe. Gari likitikisika, bati linakata mpira wa waya kidogo kidogo. Siku mpira ulipoisha, umeme wote wa betri ukakimbilia kwenye bodi, na hakukuwa na fyuzi ya kusema simama.

WANAOLIPA NI WADOGO

Kuna kisa kingine, cha mdada mmoja mjasiriamali, anayeuza wigi na mapambo na ana jina kubwa tu mitandaoni. Kafungiwa muziki kwenye gari yake mpya. Kila baada ya siku mbili, asubuhi gari haiwaki. Akamshika mlinzi wake: "Wewe baba, usiku unakaa ndani ya gari yangu unasikiliza mpira!" Mzee wa watu akaapa hajui hata kufungua mlango wa hiyo gari. Akafukuzwa kazi.

Mwezi mmoja baadaye fundi mwenye mita akaja. Kazima gari, kafunga milango, kasubiri dakika kadhaa vitu vyote vilale, kapima umeme unaotoka kwenye betri. Gari lililolala linatakiwa kuvuta kidogo sana, chini ya sehemu tano za mia za ampea moja. La mdada lilikuwa linavuta karibu ampea 2. Tatizo? Ule waya mwembamba wa bluu, kazi yake kuamsha amplifaya pale redio inapowashwa, ulikuwa umeunganishwa kwenye umeme wa kudumu. Amplifaya hailali usiku kucha. Ampea 2 kwa saa 10 ni karibu nusu ya betri ndogo ya 45, na betri iliyochoka haihitaji hata usiku wa pili.

Kazi ya kuhamisha waya huo haikuzidi nusu saa. Mlinzi hakurudishwa kazini, wala hakuombwa radhi.

Hapo ndipo hasira inapopaswa kwenda. Muziki ukilia, sifa ni za staa. Umeme ukigoma, lawama ni za fundi, mlinzi, dereva. Na kwenye Harrier, kuna mtu ambaye staa hakumtaja hata mara moja katika laivu ya karibu saa nzima: dogo anayemwendeshea.

Usiku ule staa alikuwa kwenye gari ya washkaji. Harrier aliachiwa dogo airudishe nyumbani. Moshi ulipotoka chini ya dashibodi, dogo alisimama, akafungua boneti, akajaribu kung'oa kichwa cha betri kwa mikono mitupu. Hakukuwa na spana, hakukuwa na mtungi wa kuzimia moto. Aling'oa, na viganja vyote viwili vikaungua. Waliokuwa kituoni pale ndio waliompakia bajaji kumpeleka hospitali. Kazi yake ni kushika usukani, na sasa hawezi kushika hata kijiko. Sabufa zilililiwa kwenye laivu. Dogo hakuliliwa.

MBONA WENGINE HAWAUNGUI?

Watetezi wa staa wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba fulani na fulani wana miziki mikubwa na magari yao hayajaungua. Ni kweli, na ndiyo maana hoja hii inamshtaki staa badala ya kumtetea. Muziki mkubwa kwenye gari inawezekana kabisa. Wenye akili wanaanza kwenye umeme ndipo wanakwenda kwenye spika.

Wanaanza kwa kupima. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Likiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kisha taa, kiyoyozi na muziki vyote juu, na volti zinapimwa palepale kwenye betri. Zikishuka chini ya 13 na kubaki huko, alterneta imeelemewa. Zikibaki vizuri kwenye betri lakini zikaporomoka kule kwenye amplifaya, alterneta haina kosa: waya ni mwembamba au maungio yamelegea. Kupima huko kunachukua dakika chache na kunaokoa hela ya kununua kitu ambacho hakijaharibika.

Kisha wanafuata mpangilio wa bei. Cha kwanza ni ethi, kwa sababu ni karibu bure: rangi inakwanguliwa mpaka bati ling'ae, waya unakazwa kwa bolti imara. Ethi mbovu ndiyo baba wa mauzauza mengi, taa kufifia na ule mluzi wa kwenye spika unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Kama mluzi bado upo, waya za sauti zinatenganishwa na waya wa umeme, moja inapita kulia mwa gari na nyingine kushoto.

Cha pili ni waya tatu za msingi: wa kutoka alterneta kwenda betri, wa kutoka betri kwenda bodi, na wa kutoka injini kwenda bodi. Za kiwandani zilipimwa kwa mzigo wa kiwandani. Zinaongezewa zingine nene, za shaba, na ule unaotoka alterneta unawekewa fyuzi yake. Cha tatu ni waya wa amplifaya wenyewe, wa shaba tupu. Kwa mzigo wa ampea 100 hivi mpaka kwenye buti, unene wa milimita za mraba 21 ndiyo pa kuanzia. Fyuzi inakaa ndani ya shibiri mbili kutoka betri, na ukubwa wake unafuata uwezo wa waya, siyo hamu ya mwenye gari. Kila tundu la bati linavishwa raba. Baada ya hapo, kama bado volti zinashuka, ndipo inanunuliwa alterneta kubwa. Betri ya pili inakuja mwisho.

Na kama hela ya alterneta haipo? Basi amplifaya iwe ndogo. Sabufa moja kwenye boksi lililopimwa vizuri, yenye umeme wa kutosha, inapiga besi safi kuliko mbili zinazokabwa na volti 11.

Hoja ya pili ya watetezi ni kwamba mafundi makanjanja ni wengi. Nayo ni kweli tupu. Aliyeweka bolti ni hatari kwa umma, hapaswi kugusa gari ya mtu. Na mzee wa Kinondoni, pamoja na busara zake zote, alikosea: ukishakwangua waya ukaona ni alumini, ukapitisha tundu la bati bila raba, huwezi kusema "nilimwambia." Fundi anayejua hatari anakataa kazi. Njaa ya siku moja siyo sababu.

Lakini kanjanja hajipeleki kwa staa. Staa ndiye anayemtafuta, kwa sababu kanjanja hana maswali, hana mita, na anakubali kulipwa kwa kupostiwa. Soko la mafundi wabovu linalishwa na wateja wanaochukia kuambiwa hapana. Siku mastaa wakianza kulipa hela ya ufundi kama wanavyolipa hela ya meza klabu, mafundi wazuri hawatakosekana. Wapo, na wanafahamika gereji zilipo.

Kwa hiyo bwana mkubwa afute ile video. Aende kwa yule dogo na hela ya hospitali na ya kula mpaka mikono ipone, na aende bila kamera. Aende Kinondoni akamlipe mzee ufundi wake na kumuomba radhi kwa neno mchawi, maana neno hilo likishatupwa mtaani halirudi. Halafu akitaka kufunga muziki mwingine, afunge tu, ni haki yake na hela ni yake. Ila safari hii aanze na waya.

Wadau, povu ruksa hapo chini. Ila kabla ya kuandika, fungueni boneti mwangalie fyuzi zenu. Mwenye bolti anajijua.